Mvumu Usio Kwenye Kalenda

Nyumbani kwa bibi, Kasanda, kalenda haikuteremshwa ukutani mwaka ulipoisha. Karatasi za miezi zilichanwa moja moja, babu akazisokotea tumbaku, ikabaki picha peke yake ikining'inia kwenye msumari wenye kutu: Kilimanjaro, theluji yake nyeupe kama unga wa muhogo, na chini yake twiga wawili wakikatiza nyika isiyo na mtu. Kona za chini zilikuwa zimeliwa na mende. Moshi wa jikoni ulikuwa umeigeuza mbingu ya buluu kuwa rangi ya chai. Pembeni mwa picha hiyo bibi alichomeka kadi za kliniki, risiti ya kahawa, na picha ndogo ya ndugu yake aliyekwenda manamba Tanga kukata mkonge, asirudi.

Bibi hakuwahi kuuona mlima ule kwa macho. Ukitoka Kasanda ukalifuata jua linakochomoza bila kukata kona, utatokea karibu na Kilimanjaro, maana sehemu hizi mbili zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa dunia. Ila kwa basi ni safari ya kulala njiani. Hata hivyo aliuita "mlima wetu". Nilipokuwa mtoto sikuona ajabu. Sasa najiuliza mara kwa mara: mlima wa mbali vile ulimfikiaje mpaka ukawa wake? Na kilima alichoamka nacho kila siku, kilichomlisha maharage na mahindi maisha yake yote, kwa nini hakikuwahi kuchapishwa hata kwenye ganda la kiberiti?

Ulimfikia kwa karatasi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 mwanajeshi Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya Kibo, Kilimanjaro, na kilele kilichokuwa kikibeba jina la mfalme wa Wajerumani kikaitwa Uhuru. Walioshuhudia kule juu walikuwa wachache, wakitetemeka kwa baridi. Taifa zima liliona baadaye, kwa stempu. Kisha ikaja nembo, ile tuliyoizoea kwa jina la bibi na bwana: mwanamume na mwanamke wameshika ngao, pembe za ndovu zimeizunguka, miguuni karafuu na pamba, na wote wawili wamesimama juu ya Kilimanjaro. Nembo hiyo imo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye barua ya serikali, kwenye cheti cha shule. Mtoto wa Kasanda aliyefaulu darasa la saba alikabidhiwa Kilimanjaro mkononi hata kama hajawahi kuvuka Malagarasi.

Mlima huo ulikuwa na wachoraji pia, na hao nawapenda kwa dhati. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alisoma sanaa Makerere katika shule aliyoianzisha Margaret Trowell, akafundisha hapo hapo, na mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua mchoro wake wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Uhuru ulipofika akapelekwa London kuwa balozi wa Tanganyika. Fikiria hilo: nchi changa inachagua mtu wa kuisemea kwa waliokuwa wakiitawala, nayo inamchagua mchoraji wa migomba. Elimo Njau wa Marangu alimfuata katika njia hiyo hiyo. Kwao mteremko wa Kilimanjaro haukuwa pori la twiga. Ulikuwa na watu wanaolima, wanaobeba, wanaokwenda harusini.

Sisi wa Buha, nchi ya Waha ilimo Kasanda, tulikuwa na nini? Uchaggani kulikuwa na kahawa, misheni, shule, na reli iliyofika Moshi kabla ya vita vya kwanza. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita kusini kabisa, ikatuacha juu huku na mabonde yetu. Serikali ya kikoloni iliitazama Buha kama ghala la vibarua. Vijana wa Kibondo na Kasulu walitembea wiki kwa wiki hadi Tabora ili wapandishwe treni kwenda kwenye mkonge. Picha hufuata barabara na fedha, na kwetu barabara ilikuwa ya kuondokea.

Picha maarufu kuliko zote kutoka upande wetu wa nchi ni ile ya Ujiji ya mwaka 1871, Stanley akimvulia kofia Livingstone. Ilichongwa kwenye mbao, ikachapwa katika kitabu cha Stanley mwaka uliofuata, ikanakiliwa duniani kote. Siku chache kabla ya tukio hilo Stanley alikuwa amekatiza kusini mwa nchi ya Waha, akitozwa hongo na watemi wa njiani hadi akaamua kutoroka na msafara wake usiku. Kwa hiyo Buha ilipoonekana na wasomaji wa kitabu hicho Ulaya, ilionekana kama kizuizi mbele ya picha nzuri. Hilo limenikaa moyoni muda mrefu.

Aliyenifundisha kuuliza maswali haya ni kijana mmoja wa Denmark aliyekufa zamani. Nilikuwa nafunua kitabu cha michoro, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na mawe. Mawe makubwa ya kaburi la kale, yamepangwa juu ya kichuguu cha nyasi, na mbingu pana nyuma yake. Hakuna shujaa, hakuna kasri. Mchoraji ni Johan Thomas Lundbye, mahali ni Raklev, mwaka ni 1839, naye alikuwa na miaka 20 au 21. Nilifunga kitabu, nikakifungua tena. Nilikuwa nimeona mahame. Nitarudi kwenye neno hilo.

Denmark ni nchi ya chini. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Møllehøj, hakifiki hata mita 171. Kasanda tungekiita tuta. Nchi hiyo iliingia karne ya 19 kwa vipigo. Mwaka 1807 Waingereza waliupiga mizinga mji wa Copenhagen na kuchukua manowari zake. Mwaka 1813 hazina ya serikali ilifilisika. Mwaka 1814 ikaipoteza Norway, na pamoja nayo milima ya kujivunia. Taifa lililobaki dogo namna hiyo lilijitazama, likakuta mashamba, ufuko, miti ya biichi na makaburi ya wahenga. Mwaka 1844 mwanahistoria wa sanaa Niels Laurits Høyen alisimama mbele ya wasikilizaji wake akawahimiza wachoraji waache kukimbilia Italia, waende kwa wavuvi na wakulima wa nchi yao wenyewe. Lundbye alikuwa ameshaanza. Katika shajara yake aliandika kwamba lengo la maisha yake ni kuichora Denmark anayoipenda, pamoja na unyenyekevu wake wote.

Mchoro wa rangi hununuliwa na tajiri mmoja, akautundika chumbani kwake. Kilichoingia nyumba za walimu, wachungaji wa kanisa na wenye maduka kilikuwa chapa. Wakati huo walikuwa na njia mbili nzuri. Ya kwanza ni bamba la shaba lililopakwa nta: mchoraji anakwaruza nta kwa sindano, bamba linalowekwa kwenye asidi, asidi inakula pale tu sindano ilipopita, na mifereji hiyo ndiyo inayobeba wino. Lundbye mwenyewe alifanya kazi hiyo, akachapa ng'ombe na vilima. Ya pili ni ya jiwe. Unachukua jiwe la chokaa lililosuguliwa hadi likawa laini, unachora juu yake kwa kalamu ya mafuta, unalilowesha maji. Maji yanakaa penye jiwe tupu na kuyakimbia mafuta. Ukipitisha rola ya wino, wino unafanya kinyume: unashika mafuta na kuyakataa maji. Unalaza karatasi, unakandamiza, unanyanyua, na bonde zima limehamia kwenye karatasi. Kisha unarudia, mara mia, mara elfu. Bibi angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa mara mbili. Alijua jinsi mawese yanavyokataa kuchanganyika na maji ya kisima kwenye beseni.

Kwa njia hiyo kilima kimoja kinaingia nyumba elfu, na nyumba elfu zinaanza kukiita chetu. Ndivyo taifa linavyopata sura yake. Haikunishangaza tena kwamba kalenda yenye masizi ya moshi ilimfanya bibi kuwa Mtanzania kwa namna ambayo hotuba zisingeweza.

Lakini chapa huchagua. Lundbye alipochora ufuko mkubwa wa Denmark mwaka 1843, picha ambayo sasa iko kwenye jumba la taifa la sanaa Copenhagen, aliunganisha vipande vya michoro aliyoifanya sehemu mbalimbali, akauinua mwamba wa pwani ukawa na fahari kuliko alivyoukuta. Simlaumu kwa hilo. Alikuwa anachora anavyoipenda nchi. Kilichoniuma ni kile ambacho mikusanyo ya chapa nzuri za mashamba haikionyeshi: utajiri wa Copenhagen ulitoka pia kwenye sukari ya visiwa vya Karibiani, iliyolimwa na Waafrika waliouzwa na Wadenmark wenyewe kutoka pwani ya Ghana ya leo. Watumwa hao walijipatia uhuru wao tarehe 3 Julai 1848, walipoinuka kisiwani St. Croix.

Mwaka 1848 haujaniacha tangu nilipoutambua. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo Lundbye, aliyejitolea kwenda kuigombea Schleswig, mpaka wa kusini wa Denmark, alifariki kwa risasi iliyofyatuka kwa ajali miongoni mwa wenzake kabla hajamwona adui. Alikuwa na miaka 29. Tarehe 11 Mei, majuma mawili tu baadaye, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro akaandika kwamba ni theluji, na wataalamu wa Ulaya wakambishia. Mchoraji wa nchi isiyo na mlima anazikwa, na mlima unaanza safari yake ya kuingia kwenye karatasi. Na sisi pia tuna mchoraji aliyeuawa kwa risasi isiyomhusu: Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora kwa rangi za baiskeli kwenye vibao vya mraba, akapigwa na polisi Dar es Salaam mwaka 1972 kwa kudhaniwa mwizi. Kila nikiona wanafunzi wa wanafunzi wake wakiweka Kilimanjaro nyuma ya tembo kwa ajili ya mgeni, namkumbuka yeye na nyumbani kwake kusini, mbali na mlima huo kama nilivyo mimi.

Sasa neno mahame. Kwa Kiswahili ni mahali palipohamwa, palipokuwa na watu wakaondoka. Kaburi la Raklev ni mahame ya wafu. Ya kwetu yako porini mashariki ya Kasanda, na babu alinipeleka huko mara moja, mimi nikiwa na miaka tisa au kumi. Tulitembea tangu alfajiri, miguu ikilowa umande, mpaka tukafika kwenye mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake katikati ya miombo. Ulikuwa mvumu, jamii ya mkuyu, ambao magome yake yalipondwa zamani yakawa nguo. Mara nyingi mvumu hupandwa, kwa kipande cha tawi, kwenye ua wa nyumba. Babu alipitisha kiganja kwenye gome. Akaingia kichakani, akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akainua jiwe la kusagia lililochimbika katikati kama bakuli.

"Hapa ndipo kwetu," akasema. "Mama yangu alisagia hapa."

Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, serikali ya Waingereza iliwaondoa watu kwenye sehemu kubwa za Buha, Kibondo hasa, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja. Mashamba yaliachwa, miti ikarudi, na nyuma ya miti wakarudi wanyama. Kisha miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, ambayo Kigoma iliipata mapema, mwaka 1972, na watu wakahamishwa tena. Babu alihama mara zote mbili, ya kwanza mgongoni mwa mama yake, ya pili akiwa amebeba mlango wa nyumba yake kichwani. Leo mtu akipita angani juu ya pori lile, akapiga picha, ataandika chini yake kwamba ni nchi ambayo haijaguswa. Imeguswa. Chini ya kila mvumu kuna jiko.

Ndiyo maana siwezi tena kuitazama picha ya nyika tupu bila kuuliza waliokuwapo wako wapi. Hata Serengeti ya kwenye kalenda ilikuwa na Wamasai wanaochunga mpaka mwaka 1959, walipohamishiwa Ngorongoro. Twiga wawili wa bibi walikuwa wanatembea kwenye mahame ya watu wengine.

Jambo hili si la sanaa tu kwa sisi wa mpakani. Vilima vya Kasanda vinaendelea hadi Burundi bila kujua kwamba vimevuka. Lugha zetu zinasikilizana, majina yanafanana, na wakimbizi waliokuja kwa maelfu kwenye kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu walisema kitu kimoja waliposhuka kwenye magari: kunafanana na nyumbani. Kwa sababu hiyo hiyo Muha anaulizwa maswali ambayo Mchaga haulizwi. Niliwahi kukaa mbele ya meza ya ofisa mmoja, cheti changu chenye bibi na bwana kikiwa mkononi mwake, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi hasa. Nikataja kata. Akauliza tena. Nikataja kilima, kama babu alivyokuwa akijitambulisha kwa wazee wenzake. Aliandika neno hilo la kilima kwenye karatasi yake taratibu, akaliwekea alama ya kuuliza.

Njiani kurudi nilifikiria mvumu na jiwe la kusagia. Wadenmark walipopoteza Schleswig mwaka 1864, na hata baada ya kura ya mwaka 1920 kuwarudishia sehemu yake ya kaskazini, walikuwa na chapa za mawe na misitu kwenye kuta zao, ushahidi wa macho kwamba nchi ni yao na inawafahamu. Sisi ushahidi wetu upo, umeota mizizi, ila haujachapwa popote. Ningemwekea nini mezani yule ofisa? Twiga?

Basi nimeanza kutamani picha, na ninajua ingekuwa ya mwezi gani. P. C. Skovgaard, rafiki yake Lundbye, alichora msitu wa biichi ukichanua majani mapya mwezi Mei, na Wadenmark mpaka leo husubiri siku hiyo kama sikukuu. Msitu wetu una siku yake pia. Agosti moto unapita kwenye nyasi, ardhi inabaki nyeusi, hewa ina majivu. Halafu Septemba ikielekea Oktoba, kabla tone la mvua halijadondoka, miombo inachanua. Majani hayaanzi na kijani. Yanaanza na nyekundu, rangi ya divai, rangi ya shaba iliyosuguliwa, na mengine ya waridi mepesi kiasi kwamba jua linapita ndani yake. Kilima kizima kinawaka bila moto. Nyuki wanatoka mizingani kwa kelele. Siku kama kumi hivi, kisha kijani kinakuja na watu wanashika jembe. Nimezunguka nchi hii nikitazama kalenda za benki, za vyama vya ushirika, za makanisa, za maduka ya vipuri, na Oktoba yao daima ni bahari, au simba, au theluji.

Mwaka jana niliingia Kasanda katika siku hizo. Mtoto wa dada yangu, aliye darasa la nne, alikuwa amepewa kazi ya nyumbani: chora mandhari. Alinionyesha daftari. Alikuwa amechora kama nilivyochora mimi na kama walivyochora watoto wote niliosoma nao: vilele viwili, jua linachungulia katikati, mto, mnazi, na juu ya vilele ameacha weupe wa theluji. Mnazi hajawahi kuuona. Nilimsifu, maana mkono wake ni mwepesi na mto ulikuwa unatembea kweli. Kisha nikamwomba tutoke.

Hatukufika kwenye mvumu wa babu. Ni mbali kwa miguu ya mtoto, na njia imeota. Tulipanda tu nyuma ya nyumba, hadi pale unapoona miteremko mitatu kwa pamoja. Alikaa juu ya jiwe na daftari magotini. Alichora muda mrefu bila kusema. Alichora paa za bati, njia ya ng'ombe, na mti mmoja mkubwa pembeni ambao mbele yetu haukuwapo.

"Ni ule wa babu," akasema, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia njiani.

Alipofika kwenye majani akasimama. Penseli zake za rangi zilikuwa tano na nyekundu ilikuwa imeisha, kimebaki kijiti.

"Mjomba, niweke kijani?"

Nikamwambia aweke anachokiona. Akatazama kilima, akatazama kijani mkononi, akairudisha mfukoni. Akatema mate kiganjani, akachovya kidole kwenye udongo, akaanza kupaka.